Safari ya Tabora haikupangwa yote Bagamoyo: Scrum inapofanya kazi, na inapogeuka maigizo

Kama unasoma TEHAMA, au una rafiki anayefanya kazi kwenye kampuni ya programu, huenda umeshasikia mtu akisema, "Sisi tunatumia Scrum." Ukimuuliza maana yake, mara nyingi atakujibu kwa orodha ya vikao. Kila asubuhi tunasimama dakika 15. Kila wiki mbili tunapanga kazi. Wiki mbili zikiisha tunaonyesha tulichofanya. Na ukutani kuna vikaratasi vya rangi.

Yote hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba timu inaweza kuyafanya yote mwaka mzima, bila kukosa kikao hata kimoja, halafu ikamaliza na programu ambayo hakuna anayeitumia.

Hapa nataka tuelewane kwa nini hilo hutokea. Hoja yangu ni moja tu: Scrum ni makubaliano kuhusu lini, na kwa ushahidi gani, timu inaruhusiwa kubadilisha mpango wake. Ukiondoa ruhusa hiyo vinabaki vikao vitupu. Na ili tuanze vizuri, twende kwanza mahali pasipo na kompyuta hata moja: njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora.

Mpango uliotengenezwa pwani

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ulikuwa na zaidi ya kilomita 700 za kutembea kabla ya kufika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Kutoka hapo, Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika bado palikuwa mbali, zaidi ya kilomita 300 nyingine. Kwenda bara walibeba vitambaa, shanga na waya. Kurudi pwani walibeba meno ya tembo. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofanywa watumwa, na hilo tusilifiche kwa sababu tu tunatafuta mfano mzuri. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30.

Sasa jiweke mahali pa mwenye msafara aliyeko Bagamoyo. Lazima anunue bidhaa zake kabla ya kuondoka. Lakini hajui watawala wa Ugogo watamtoza hongo kiasi gani mwaka huu. Hajui kama visima vya Mgunda Mkali, ile nyika kavu kabla ya kuingia Unyanyembe, vitakuwa na maji. Hata shanga ni kamari: rangi iliyopendwa sehemu moja ilikataliwa sehemu nyingine, na mtu mwenye mizigo kumi ya shanga zisizotakiwa alikuwa amebeba mawe.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Tabora, ambayo wakati huo iliitwa pia Kazeh, tarehe 7 Novemba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley hakuondoka na watu wake wote kwa mkupuo. Aliwagawa katika misafara mitano iliyotoka Bagamoyo kwa kupishana, kati ya Februari na Machi. Yeye mwenyewe alifika Unyanyembe mwezi Juni, na hapo mpango wake ukavunjika. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Stanley alijiunga kwanza na vita hivyo, upande wake ukashindwa. Septemba akachukua njia ya kuzunguka kusini, akafika Ujiji kabla ya mwaka kuisha na kumkuta David Livingstone.

Tuchukue mambo matatu hapo.

Kwanza, hata angekaa Bagamoyo miezi sita zaidi akipanga, Stanley asingejua kwamba njia itafungwa. Taarifa hiyo ilikuwa barabarani. Ilibidi aifuate.

Pili, msafara ulikuwa na mahali maalumu pa kuamua. Jioni kambini kirangozi, yaani kiongozi wa mbele, alitangaza kama kesho kuna safari au mapumziko. Mwisho wa safari ulijulikana, lakini hatua ya kesho iliamuliwa kwa hali ya leo: maji, chakula, wagonjwa, habari za njiani.

Tatu, waliobeba mzigo walikuwa na sauti. Mwenye msafara aliyewasukuma wapagazi kupita kiasi, au aliyewapunja posho, aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na watu wamegoma au wameondoka. Mwendo ulipaswa kuwa ule ambao miguu inauweza kwa miezi, na siyo kwa siku mbili za mwanzo.

Sisemi Scrum ilizaliwa Unyamwezi. Ninachosema ni kwamba tatizo ni lilelile: unaanza safari kabla ya kujua mambo muhimu, na mambo hayo utayajua ukiwa njiani tu.

Scrum yenyewe, kwa ufupi

Jina linatoka kwenye mchezo wa raga. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika katika Harvard Business Review kuhusu kampuni ambazo timu zake za bidhaa mpya zilisogea pamoja uwanjani, badala ya idara moja kumaliza na kumkabidhi mwenzake kama kijiti. Jeff Sutherland alilitumia wazo hilo kwenye timu ya programu mwaka 1993, na mwaka 1995 yeye na Ken Schwaber wakalieleza hadharani. Mwaka 2001 watu 17, wao wakiwemo, walikutana Snowbird huko Utah, Marekani, wakaandika tamko linalojulikana kama Agile Manifesto. Agile ni msimamo wa jumla, na Scrum ni njia mojawapo ya kuuishi.

Kanuni za Scrum ni chache kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo rasmi, toleo la 2020, ni kijitabu cha kurasa chache tu. Kiini chake ni hiki:

Kazi inagawanywa katika vipindi vifupi vinavyoitwa sprinti. Kila sprinti haizidi mwezi mmoja, na timu nyingi huchagua wiki mbili. Timu ni ndogo, kwa kawaida watu 10 au pungufu. Mmoja wao ni mwenye bidhaa: anasimamia orodha ya kazi zinazosubiri na ndiye anayeamua ipi itangulie. Mwingine ni Scrum Master, ambaye ukitaka kumwita kwa kazi yake ni mlezi wa utaratibu: anaondoa vikwazo na kuhakikisha timu inafuata ilichokubaliana. Waliobaki ndio watengenezaji.

Kila sprinti ina vikao vya aina nne. Cha kupanga mwanzoni. Cha kila siku, dakika 15, ambapo watengenezaji wanatazama kama bado wanaelekea kwenye lengo. Cha mapitio, ambapo kitu kinachofanya kazi kinawekwa mbele ya wanaokihitaji. Na cha kujitathmini, ambapo timu inajadili jinsi ilivyofanya kazi na kuchagua cha kurekebisha.

Watu hulalamika kwamba vikao ni vingi. Tupige hesabu. Mwongozo unaweka ukomo kwa sprinti ya mwezi mmoja: saa 8 za kupanga, 4 za mapitio, 3 za kujitathmini. Kwa sprinti ya wiki mbili ukigawa kwa nusu unapata saa 4, 2 na 1.5. Ongeza dakika 15 kwa siku 10, yaani saa 2.5. Jumla ni saa 10 kati ya saa 80 za kazi. Kama timu yako inatumia zaidi ya hapo, usiisingizie Scrum.

Pesa zilizokwenda zisikotarajiwa

Zamani thamani ilisafirishwa kwenda Tabora kwa mabegani ya watu. Leo mtu anatuma fedha kutoka Dar kwenda Tabora kwa kubonyeza nyota na namba kadhaa. Chombo kilicholeta mabadiliko hayo Afrika Mashariki kina hadithi ambayo kila timu ya bidhaa inapaswa kuijua.

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, Nairobi na Thika, wakiwa na wateja wasiofika 500. Lengo la mwanzo halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, kupokea mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Mpango ulikuwa umeandikwa, una fedha na una washirika.

Lakini watu walipopewa kitu mkononi walianza kukitumia kwa namna yao. Mtu aliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa alikofika, ili asitembee na noti mfukoni. Wengine waliwatumia jamaa zao. Wafanyabiashara walilipana wenyewe kwa wenyewe. Wakati huohuo, ile kazi ya marejesho ya mikopo ilikuwa ngumu kuoanisha na mahesabu ya taasisi yenyewe.

Huduma ilipozinduliwa nchi nzima Machi 2007, kilichowekwa mbele kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mikopo haikuwa tena kiini.

Ile timu sikutaji kama mfano wa vikao vya Scrum. Ninaitaja kwa sababu ya mambo mawili yaliyokutana: kitu kinachofanya kazi kilikuwa mikononi mwa watu mapema, wakiwa wachache, na waliokuwa na mamlaka walikubali kubadilisha mwelekeo baada ya kuona. Ondoa moja kati ya hayo na leo tungekuwa na mfumo wa kulipia mikopo ambao wachache wangeukumbuka.

Na somo halihamishiki kwa kunakili. Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, huduma ilikua polepole mwanzoni kuliko ilivyokuwa Kenya. Nchi ni nyingine, mawakala wametawanyika kwa namna nyingine, watu wana mazoea yao. Ilibidi kujifunza upya.

Ndoo za asali: mfano wa kubuni

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Mfano huu nimeubuni, ila mazingira yake ni ya kweli: Tabora ni mkoa wa miombo na asali, na wilaya kama Sikonge inajulikana kwa asali.

Tuseme timu ya watu watano imepewa kazi na kikundi cha wafugaji nyuki. Asali inaletwa ghalani kwa ndoo, karani anapima na kuandika kwenye daftari, malipo yanakuja baadaye, na kila msimu kuna ugomvi kuhusu kilo. Wanataka mfumo wa kidijitali.

Timu ya kwanza inaandika kurasa 60 za mahitaji. Ukurasa wa takwimu wenye grafu, akaunti kwa kila mwanachama, ramani ya mizinga, nembo. Wanagawa kazi hiyo katika sprinti 12 na kuiita Scrum. Baada ya miezi sita wanafunga safari kwenda kufundisha watumiaji.

Timu ya pili inajiwekea lengo moja kwa wiki mbili za kwanza: karani aweze kuandika uzito wa ndoo moja kwenye simu, na mfugaji apate ujumbe mfupi wenye kilo zake. Kisha inakubaliana maana ya neno "imekwisha". Imekwisha maana yake inafanya kazi kwenye simu aliyonayo karani, hata mtandao usiposhika, na ujumbe unaondoka wenyewe mtandao ukirudi. Inayofanya kazi kwenye kompyuta ya Juma pekee haijaisha.

Kikao cha mapitio kinafanyika ghalani, mizani ikiwa hapo. Na ndani ya nusu saa yanatokea mambo ambayo hayakuwa kwenye kurasa za mtu yeyote. Karani anauliza, "Uzito wa ndoo tupu unatolewa wapi?" Kumbe ndoo hazilingani, na hapo ndipo ugomvi wa kila msimu unapoanzia. Mama mmoja anasema simu si yake, ni ya mwanawe, kwa hiyo ujumbe utamfikia mtu mwingine. Mzee mwingine ana kiswaswadu na anataka karatasi, maana karatasi ndiyo ataibeba akienda kudai.

Jioni hiyo mwenye bidhaa anapanga upya orodha. Kutoa uzito wa ndoo kunapanda juu kabisa. Stakabadhi ya karatasi inaingia. Grafu na ramani zinashuka chini, na huenda hazitatengenezwa kamwe. Hakuna aliyeshindwa. Timu imetumia wiki mbili kugundua jambo ambalo ile ya kwanza italigundua baada ya miezi sita, fedha zikiwa zimeisha na wafugaji wamepoteza msimu mwingine kwa mizani isiyoaminika.

Dalili za maigizo

Ukitaka kujua kama timu yenu inafanya Scrum au inaigiza, angalia hivi.

Kikao cha asubuhi: watu wanazungumza wao kwa wao, au kila mmoja anamtazama bosi na kuripoti? Kikiwa cha kuripoti, matatizo yatafichwa. Hakuna anayependa kusema "nimekwama" mbele ya anayepanga mshahara wake.

Mapitio: mnaonyesha kitu kinachofanya kazi au slaidi? Na waliokaa mbele ni watumiaji, au ni ninyi kwa ninyi mnapigiana makofi?

Kujitathmini: sprinti iliyopita mlikubaliana kubadilisha nini, na kimebadilika? Kama malalamiko ni yaleyale kwa miezi mitatu, watu wataacha kusema. Ni afadhali kuchagua jambo moja dogo na kulikamilisha.

Makadirio: timu nyingi hupima ukubwa wa kazi kwa pointi. Pointi ni za timu kujisaidia kupanga. Siku meneja atakapoanza kulinganisha pointi za timu mbili, zitaanza kupanda zenyewe bila kazi kuongezeka.

Mwendo: mnamaliza kila sprinti kwa kukesha? Miongoni mwa kanuni 12 za Agile kuna ile ya kwenda mwendo unaoweza kudumishwa. Wapagazi walilijua hilo bila kuandikiwa.

"Lakini mkataba wetu hauturuhusu"

Hili ndilo pingamizi zito zaidi, na katika mazingira yetu ni la kweli. Miradi mingi ya kidijitali inalipwa na wafadhili, halmashauri au kampuni kubwa, na mkataba unataja kila kitufe tangu siku ya kwanza. Kama malipo yanategemea grafu iliyotajwa ukurasa wa 42, grafu itatengenezwa hata kama hakuna anayeihitaji.

Kuna namna ya kupunguza maumivu. Kabla ya kusaini, jaribuni kufunga muda na fedha, kisha kuacha orodha ya vipengele wazi. Mkataba utaje matokeo, kwa mfano kila mfugaji apate uthibitisho wa kilo zake siku hiyohiyo, badala ya kutaja skrini 30. Ombeni kipengele kinachoruhusu kubadilisha kazi moja kwa nyingine yenye ukubwa sawa. Na mtoa fedha aalikwe kwenye mapitio, tena ghalani. Mtu aliyeona kwa macho yake ndoo zisizolingana ni rahisi kumweleza kwa nini grafu inasubiri.

Mkataba ukiwa umeshasainiwa na haubadiliki, semeni ukweli: mnafuata mpango uliofungwa, na mtautekeleza vizuri. Hakuna aibu. Aibu ni kuita hiyo Scrum halafu kulaumu Scrum mambo yakiharibika.

Pia si kila kazi inahitaji njia hii. Kama kinachotakiwa kinajulikana chote, mfano kurekebisha kiwango cha makato kilichobadilishwa na sheria, fanya tu. Kama timu yenu kazi yake ni kupokea matatizo ya watumiaji kila saa, ubao wa kanban wenye ukomo wa kazi zinazoendelea kwa wakati mmoja utawafaa kuliko sprinti.

Kama wewe ni mwanafunzi

Mradi wa mwaka wa mwisho ni mahali pazuri pa kujaribu, maana hakuna mkataba. Tumieni sprinti za wiki moja. Msianze na orodha ya vipengele, anzeni na mtu mmoja halisi mwenye tatizo: mwenye duka la dawa, karani wa AMCOS, dada wa mgahawani. Wiki ya pili awe ameshika kitu kinachofanya kazi, hata kama kinafanya jambo moja tu na ni kibaya kwa macho. Kaeni kimya mkimwangalia anavyokitumia. Mkishikwa na hamu ya kumwelekeza pa kubonyeza, mmeshapata kazi ya wiki inayofuata.

Na kwa timu ambazo tayari zina vikao vyote na vikaratasi vya rangi, swali langu ni moja. Ni lini mara ya mwisho kitu mlichokiona kwenye mapitio kiliondoa kazi kwenye orodha yenu, kazi ambayo mtu mwenye cheo alikuwa anaitaka? Kama mnaikumbuka tarehe, endeleeni. Kama hamuikumbuki, kikao kijacho cha kujitathmini kina ajenda tayari.